Asidi ya foliki: siku 28 zinazopita kabla mama hajafika kliniki

Wanawake wengi wa Afrika Mashariki hukutana na asidi ya foliki kwa mara ya kwanza katika kliniki ya wajawazito, wanapokabidhiwa vile vidonge vinavyojulikana zaidi kama vidonge vya kuongeza damu. Vidonge hivyo vina manufaa makubwa, na mjamzito anapaswa kuvimeza hadi mwisho. Hata hivyo, ipo kazi moja ya asidi ya foliki inayofanyika mapema mno, katika siku 28 za kwanza tangu mimba itungwe. Kidonge kinachotolewa mimba ikiwa na miezi minne au mitano hakiwezi tena kuifanya.

Kazi hiyo ni kusaidia kufungika kwa mrija mdogo ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto. Mrija huo usipofungika upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Usipofungika upande wa juu, sehemu kubwa ya ubongo na fuvu haiumbiki, na mtoto hufia tumboni au saa chache baada ya kuzaliwa. Inakadiriwa kuwa kila mwaka watoto takriban 300,000 duniani huzaliwa na kasoro za aina hii, na nyingi kati yake zingeweza kuzuiwa.

Makala haya yanaeleza vitamini hii ni nini, inapatikana katika vyakula gani, kwa nini chakula pekee aghalabu hakitoshi kwa mwanamke anayetarajia kushika mimba, na ni tahadhari gani zinazohitajika katika nchi zetu zenye malaria.

Vitamini iliyopewa jina la majani

Foleti ni vitamini B9 kama inavyopatikana katika vyakula vya asili. Asidi ya foliki ni vitamini hiyohiyo iliyotengenezwa kiwandani, ambayo hutiwa katika vidonge na katika unga. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani, kwa kuwa mwaka 1941 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas nchini Marekani waliitenga kutoka katika tani nne za spinachi.

Miaka kumi kabla ya hapo, daktari Mwingereza Lucy Wills alikuwa amekwishaona nguvu yake bila kuijua kwa jina. Akiwa Bombay, India, alichunguza wanawake wajawazito, wengi wao wafanyakazi maskini wa viwanda vya nguo, waliokuwa wakipungukiwa damu kwa kiasi cha kuhatarisha maisha. Aligundua kwamba waliolishwa dondoo ya hamira walipona. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1931, na kitu kilichowaponya wanawake wale ndicho tunachokiita leo foleti.

Mwili huhitaji foleti kila mahali seli mpya zinapoundwa. Ikipungua, seli nyekundu za damu huwa kubwa kupita kiasi na chache kwa idadi, na mtu huchoka haraka, huishiwa pumzi na moyo wake kwenda mbio. Mimba nayo ni ujenzi wa seli mpya usiku na mchana. Ndiyo maana mahitaji ya mtu mzima, ambayo ni mikrogramu 400 za foleti ya chakula kwa siku, hupanda hadi 600 kwa mjamzito na kuwa 500 kwa mama anayenyonyesha.

Kwa nini siku 28?

Mrija wa neva huanza kama ukanda bapa wa seli mgongoni mwa kiinitete. Kingo za ukanda huo huinuka, hukunjana na kukutana, mithili ya mkeka unaokunjwa kuwa bomba. Kufikia siku ya 28 tangu mimba itungwe, kazi hiyo huwa imekamilika au imeshindikana.

Tuzihesabu siku hizo kwa kalenda ya mwanamke. Mimba hutungwa takriban wiki mbili baada ya siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Hedhi inayofuata isipokuja, wiki mbili nyingine zimekwishapita. Hapo mwanamke hubakiwa na siku zisizozidi 14 kabla mrija haujafungika. Wengine katika siku hizo bado wanadhani hedhi imechelewa tu. Wengine wanajua, lakini desturi inawataka wasitangaze mimba changa. Wengi hufika kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita.

Zaidi ya hayo, akiba ya foleti mwilini haijengeki kwa siku moja. Huchukua wiki kadhaa za kumeza vidonge kila siku kabla kiwango chake katika seli nyekundu za damu hakijafikia kile kinachotoa kinga ya kutosha. Kwa sababu hiyo mwanamke anayepanga kushika mimba hushauriwa kuanza angalau mwezi mmoja kabla, na miezi mitatu ni bora zaidi.

Ushahidi umetoka wapi?

Mwaka 1991 yalitangazwa matokeo ya utafiti ulioongozwa kutoka Uingereza katika vituo 33 vya nchi saba. Waliohusika walikuwa wanawake ambao tayari walikuwa wamepata mimba yenye kasoro ya mrija wa neva. Kati ya kasoro 27 zilizojirudia, 6 zilitokea kwa wanawake waliopewa asidi ya foliki na 21 kwa wale ambao hawakupewa. Kinga hiyo ya asilimia 72 ilikuwa wazi kiasi kwamba utafiti ulisitishwa kabla ya muda wake, ili wote wapate dawa.

Mwaka 1999 yalifuata matokeo kutoka China, yaliyohusu karibu wanawake 250,000. Katika eneo la kaskazini, ambako kasoro hizi zilikuwa nyingi, waliomeza kidonge cha mikrogramu 400 peke yake kabla ya mimba na mwanzoni mwake walikuwa na kasoro 1 kwa kila mimba 1,000. Wale ambao hawakumeza walikuwa na karibu 5.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Afrika Kusini. Tangu Oktoba 2003, sheria ya nchi hiyo inataka unga wa ngano na wa mahindi uongezwe asidi ya foliki. Uchunguzi uliofanyika baada ya hapo ulionyesha kuwa kasoro za mrija wa neva zilipungua kwa takriban asilimia 30, kutoka 1.41 hadi 0.98 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Wanawake hao hawakuhitaji kukumbuka kidonge wala kujua siku mimba ilipotungwa. Walikula chakula chao cha kila siku.

Chunguni mna nini?

Vyakula vyenye foleti nyingi si vya anasa. Vinavyoongoza ni vya jamii ya kunde. Kikombe kimoja cha kunde zilizochemshwa kina takriban mikrogramu 350, na cha choroko karibu 320. Maharage hutoa kati ya 230 na 290 kutegemea aina yake, na mbaazi zaidi kidogo ya 180. Konzi ya karanga huongeza kati ya 40 na 70.

Majani ya kijani hufuata. Kikombe cha spinachi iliyopikwa kina karibu mikrogramu 260, na cha mchicha, ambao Uganda huitwa dodo, karibu 75. Nusu ya parachichi la kadiri ina takriban 80, chungwa moja karibu 40 na yai moja zaidi kidogo ya 20. Maini yana foleti nyingi sana, lakini yana vitamini A nyingi pia, ambayo ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mjamzito asiyafanye kuwa mboga ya kila siku.

Vyakula vinavyojaza sahani zetu, kwa upande mwingine, vina foleti kidogo. Gramu 100 za unga wa dona usioongezwa virutubishi zina takriban mikrogramu 25, na matoke na mihogo haviko mbali na hapo. Wali mweupe karibu hauna kitu. Kwa hiyo nyumba inaweza kula ugali ikashiba mara mbili kwa siku na bado ikawa na njaa ya foleti, ikiwa kitoweo ni mchuzi mwepesi na mboga ni kiasi cha kuonja.

Mapishi nayo yana sehemu yake. Foleti huyeyuka katika maji na huharibiwa na moto wa muda mrefu. Spinachi inayochemshwa katika maji mengi hupoteza karibu nusu ya foleti yake, na sehemu kubwa hubaki katika maji yanayomwagwa. Mboga za majani zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe kwa maji machache na kwa muda mfupi, na mchuzi wake uliwe. Kisamvu, au sombe kama kinavyoitwa Burundi na Kongo, hakiingii katika kanuni hii: ni lazima kitwangwe na kuchemshwa sana ili sumu yake iondoke. Anayekipenda akiongezee maharage au karanga.

Basi je, chakula kinatosha? Mwanamke anayekula kikombe cha maharage, kikombe cha mchicha na chungwa moja amepata takriban mikrogramu 345 kwa mlo mmoja. Kwa afya yake mwenyewe yuko karibu kutimiza mahitaji ya siku. Lakini foleti ya chakula haifyonzwi vizuri kama asidi ya foliki: mikrogramu 1 ya asidi ya foliki inayoliwa pamoja na chakula hulingana na mikrogramu 1.7 za foleti ya asili. Kidonge kimoja cha mikrogramu 400 kikimezwa na chakula ni sawa na mikrogramu 680, yaani karibu vikombe vitatu vya maharage kila siku bila kukosa. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linapendekeza kidonge kwa kila mwanamke anayetaka kushika mimba, hata kama anakula vizuri.

Unga wenye virutubishi na mianya yake

Serikali za ukanda huu zimekwishachukua hatua. Tanzania na Uganda ziliweka mwaka 2011 kanuni zinazolazimisha viwanda kuongeza virutubishi, ikiwamo asidi ya foliki, katika unga wa ngano na wa mahindi. Kenya ilifuata mwaka 2012. Mei 2023, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio linalozihimiza nchi zote kurutubisha vyakula ili kuzuia mgongo wazi na kasoro nyingine za aina yake. Hata Uingereza, ulikoongozewa utafiti wa mwaka 1991, ilipitisha kanuni zake mwaka 2024, na kuwapa wenye viwanda hadi Desemba 2026.

Tatizo ni kwamba unga mwingi wa mahindi unaoliwa katika nchi zetu haupiti katika viwanda hivyo. Nchini Uganda, kanuni zinavigusa viwanda vyenye uwezo wa kusaga tani 20 au zaidi kwa saa 24. Mashine ya kijijini, ambako mama hupeleka debe lake la mahindi na kurudi na unga uleule uliotoka shambani kwake, iko nje ya sheria hiyo. Nyumba inayoishi kwa matoke, viazi, mihogo au mtama nayo haifikiwi. Hivyo mkazi wa mjini anayenunua unga wa pakiti na mkate wa dukani anaweza kupata kinga fulani bila kujua, ilhali ndugu yake wa kijijini hapati. Ni kwa ajili ya mianya kama hii kwamba wataalamu, wakiwamo wale wanaoshughulikia tatizo hili nchini Ethiopia, wamekuwa wakichunguza uwezekano wa kutia asidi ya foliki katika chumvi, kitu kinachofika kila jikoni.

Kwa mnunuzi, ushauri ni mwepesi: asome maandishi ya pakiti. Unga uliorutubishwa huwa na alama ya urutubishaji, na asidi ya foliki hutajwa katika orodha ya viambato.

Kidonge: kiasi gani, na lini?

Kipimo cha kawaida kwa mwanamke anayetarajia kushika mimba ni mikrogramu 400, yaani miligramu 0.4, kila siku hadi mimba ifikishe wiki 12. Baada ya hapo huendelea na vidonge vya kliniki vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki hadi kujifungua. Vidonge hivyo vinaweza kuleta kichefuchefu, kufunga choo au kukifanya cheusi. Hayo husababishwa na madini ya chuma, nayo si dalili ya hatari. Visimezwe kwa chai, kwani chai huzuia chuma kufyonzwa.

Kwa kuwa mimba nyingi huja bila kupangwa, Shirika la Afya Duniani lina pendekezo jingine kwa maeneo ambako upungufu wa damu umeenea: wasichana na wanawake wanaopata hedhi wapewe kidonge kimoja kwa wiki chenye miligramu 60 za chuma na miligramu 2.8 za asidi ya foliki. Palipo na mpango kama huo shuleni au katika zahanati, mzazi asimkataze binti yake kwa kudhani kuwa ni dawa ya uzazi wa mpango. Ni kinga dhidi ya upungufu wa damu, na humjengea akiba kwa ajili ya siku zijazo.

Wapo wanaohitaji kipimo kikubwa zaidi kwa maelekezo ya daktari. Miongoni mwao ni mwanamke aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi, na anayetumia baadhi ya dawa za kifafa, hususan valproate. Huyu wa pili asiache dawa zake kwa uamuzi wake mwenyewe. Amwone daktari kabla ya kushika mimba.

Tahadhari: miligramu 5 na dawa ya malaria

Katika maduka mengi ya dawa, kidonge cha asidi ya foliki kinachopatikana kwa urahisi ni cha miligramu 5. Hicho ni zaidi ya mara 12 ya kipimo cha kawaida, na kwa mjamzito anayeishi penye malaria tofauti hiyo ni muhimu.

Kliniki huwapa wajawazito dawa ya SP, ambayo wengi huiita Fansidar, kuanzia miezi mitatu ya pili, ili kuwakinga na malaria. Dawa hiyo humuua mdudu wa malaria kwa kumzuia asijitengenezee foleti. Asidi ya foliki ikiwa nyingi mwilini, mdudu hunufaika nayo, na dawa hupungua nguvu. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba kipimo cha miligramu 5 au zaidi kisitumiwe pamoja na SP. Kile cha miligramu 0.4 hakina tatizo hilo.

Jambo hili linawahusu hasa wanawake wenye ugonjwa wa selimundu, ambao mara nyingi wamezoea kumeza asidi ya foliki ya miligramu 5 tangu utotoni kwa sababu seli zao nyekundu hufa haraka. Akishika mimba, aende na vidonge vyake kliniki na amwonyeshe mhudumu kabla ya kumeza SP. Wazee nao wasijinunulie vipimo vikubwa bila kupimwa, kwa kuwa asidi ya foliki inaweza kuficha upungufu wa vitamini B12 huku neva zikiendelea kuharibika.

Lawama haimponyi mtoto

Mtoto anapozaliwa na mgongo wazi, mara nyingi anayeulizwa ni mama: alikula nini, alimkosea nani, ukoo wake una laana gani. Sayansi haiungi mkono maswali hayo. Kasoro hizi zina sababu nyingi zikiwamo za urithi na za baadhi ya maradhi kama kisukari, na asidi ya foliki huzuia sehemu kubwa tu, si zote. Mama aliyekula vizuri na kumeza vidonge bado anaweza kupata mtoto mwenye tatizo hili.

Kichwa kikubwa, yaani kujaa maji kichwani, mara nyingi huandamana na mgongo wazi, lakini kina visababishi vingine pia. Katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, mashariki mwa Uganda, ambayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 imewapasua maelfu ya watoto wenye matatizo haya, daktari Mmarekani Benjamin Warf na wenzake walibaini kuwa watoto wengi walioletwa na kichwa kikubwa walikuwa wamekipata kutokana na maambukizi baada ya kuzaliwa. Asidi ya foliki isingewakinga hao.

Mtoto anayezaliwa na mgongo wazi anahitaji kufikishwa hospitalini mara moja, kidonda kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa safi chenye unyevu, bila dawa za kienyeji kupakwa juu yake. Akifanyiwa upasuaji mapema na kutunzwa vizuri, anaweza kukua na kusoma.

Kwa nyumba inayotarajia mtoto, maandalizi hayo yanaweza kuanza wiki hii: kunde au maharage chunguni mara nyingi kadiri inavyowezekana, mboga za majani zisizopikwa kupita kiasi, unga wenye alama pale mfuko unaporuhusu, na kidonge cha miligramu 0.4 kila siku tangu wenzi wanapoamua kwamba wako tayari kwa mtoto. Kidonge hicho si siri ya mwanamke peke yake. Mume anayejua kazi yake ndiye atakayekumbuka kukinunua kabla hakijaisha, na mama mkwe anayeijua hatauliza kwa nini mkaza mwana anameza dawa ilhali si mgonjwa.